UZI: Viza ya mume au mke haikuanzia ubalozini, sisi wa Likoni twaijua tangu bandarini

Wadau, uzi huu ni mrefu kidogo. Tafuteni pa kukaa.

Kila msimu wa siasa kuna mheshimiwa atakayepanda jukwaani, iwe Mtongwe, iwe Shika Adabu, iwe pale karibu na feri, aseme vijana watapelekwa kazi ng'ambo. Makofi. Kisha mitandaoni mjadala ni ule ule: kazi zipo au hazipo, mshahara ngapi, wakala amekula pesa za nani. Lakini swali moja halipati nafasi, si kwa wa upande huu wala wa ule: huyo kijana akishaenda, mkewe atamfuata vipi? Au mumewe, maana wanaoondoka si wanaume peke yao.

Wengine watasema hilo ni jambo la nyumba ya mtu, siasa ina nini hapo. Ina mengi. Nani aruhusiwe kuishi na mwenziwe, na kwa bei gani, limekuwa swali la serikali kwa miaka mingi sana, na mfano wa kwanza hauko London wala Berlin. Uko hapo ng'ambo ya maji, Kilindini.

Enzi za mkoloni, kibarua wa bandarini alihesabiwa kama mtu mmoja tu. Ilipopigwa hesabu ya mshahara, iliangaliwa chakula chake yeye, nguo zake yeye, na nafasi ya kitanda chake. Nafasi ya kitanda, si chumba. Mke na watoto walidhaniwa wako "rizavu" wakilima, wakijilisha wenyewe, na mzee akichoka atarudi huko huko akalishwe na shamba. Kwa mwajiri ilikuwa rahisi: alipata mikono ya mwanaume mmoja bila kulipia nyumba yake. Mombasa ilikataa. Kulikuwa na mgomo 1939, na Januari 1947 mgomo mkubwa kabisa, wafanyakazi wapatao 15,000 wakaweka kazi chini na mji ukasimama. Mwaka 1954 tume ya serikali yenyewe kuhusu mishahara ya Waafrika, iliyoongozwa na bwana aitwaye Carpenter, ikakiri kwamba kima cha chini kilikuwa kimepimwa kwa mwanaume asiye na familia, ikapendekeza hatua kwa hatua kipimwe kwa mtu mwenye mke na watoto.

Hapo hakuna viza bado. Lakini wazo lenyewe liko tayari: kazi yako twaitaka, nyumba yako hatuitaki, na tutakaoamua ni sisi tunaopanga kiwango cha pesa. Lishikeni wazo hilo, litarudi.

Sasa tuvuke bahari. Uingereza.

Wazee wa mji wanaikumbuka 1968. Kenya ilikuwa imepitisha sheria ya uhamiaji 1967 iliyowataka wasio raia wawe na vibali vya kazi. Wahindi wengi wa Mombasa na Nairobi walikuwa na pasipoti za Uingereza, wakaanza kuondoka. Uingereza ikaharakisha sheria bungeni kwa siku chache tu, ikaanza Machi 1968: pasipoti yetu unayo, lakini kama wewe, mzazi wako au babu yako hana mzizi huku, huingii hivi hivi. Badala yake wakaweka vocha, kwa idadi maalumu kila mwaka. Na vocha ilikwenda kwa nani? Kwa "kichwa cha nyumba". Mwanamke aliyeolewa hakuhesabika kuwa kichwa cha nyumba. Alikuwa mzigo wa kubebwa na vocha ya mumewe, hata kama pasipoti ya Uingereza ilikuwa mkononi mwake yeye na mume hana. Mpango huo wa vocha ulifutwa 2002 tu.

Kutoka hapo mambo yakazidi kuwa machafu. Mapema 1979 gazeti moja la Uingereza lilifichua kwamba mwanamke kutoka India, aliyefika uwanja wa ndege wa Heathrow kuolewa na mchumba wake, alifanyiwa uchunguzi wa mwili ili afisa ajue kama ni bikira. Kwa nini? Kwa sababu mchumba aliyekuja kuolewa hakuhitaji viza wakati ule, mke alihitaji. Basi serikali ikaona njia ya kujua kama mtu ni mchumba kweli ni hiyo. Ikabainika baadaye kwamba wanawake wengine walikuwa wamefanyiwa hivyo hivyo huko Asia kwenye ofisi za kuomba viza. Nimelitaja kwa sababu watu hudhani masharti ya viza ni hesabu tu. Yamewahi kuingia mpaka mwilini mwa mtu.

Mwaka 1980 ikaja kanuni iliyoandamwa na mawakili miaka 17: muombaji athibitishe kwamba lengo kuu la ndoa yake si kuingia Uingereza. Hebu fikiri. Umeoa, mkeo yuko London, waomba kumfuata, na wewe ndiye unayetakiwa kuthibitisha kwamba hukuoa kwa ajili ya kumfuata. Ukisema nataka kuishi naye London, umejifunga mwenyewe. Watu walipeleka mafurushi ya barua za mapenzi kwa majaji. Kanuni hiyo ilifutwa Juni 1997.

Wakati huo huo, mwanaume mwenye makazi ya kudumu Uingereza aliweza kumleta mkewe, lakini mwanamke mwenye makazi yale yale hakuweza kumleta mumewe. Sababu waliyotoa ni kwamba wanaume watakuja kuchukua kazi. Wanawake watatu, mmoja mzaliwa wa Malawi, mwingine wa Ufilipino, mwingine wa Misri, wakaenda Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya. Kesi yaitwa Abdulaziz, Cabales na Balkandali, na hukumu ni ya tarehe 28 Mei 1985. Walishinda: ule ulikuwa ubaguzi wa kijinsia. Sasa sikilizeni serikali ilivyotii. Haikuwafungulia wanawake mlango. Iliwabana na wanaume pia, masharti yakawa magumu kwa wote, na usawa ukawa umepatikana! Kila nikisoma hapo nacheka, halafu nanuna.

Miaka ya baadaye sura ikabadilika, jinsia ikapungua na pesa ikapanda. Novemba 2010 mtihani wa Kiingereza kwa mume au mke anayekuja. Mkenya aliyesomeshwa kwa Kiingereza tangu primari naye hufanya, labda awe na digrii iliyothibitishwa, kwa sababu Kenya haimo kwenye orodha ya nchi zinazohesabiwa kuwa za wazungumzaji wa Kiingereza. Kuna kipimo cha kifua kikuu pia. Julai 2012 kikaja kiwango cha mapato: aliyeko Uingereza awe anapata pauni 18,600 kwa mwaka. Aprili 2024 kikapanda hadi pauni 29,000. Hiyo ni karibu shilingi milioni 5 za Kenya.

Hapa nataka mpige hesabu pamoja nami. Aprili hiyo hiyo ya 2024 kima cha chini cha mshahara Uingereza kilikuwa pauni 11.44 kwa saa. Fanya kazi saa 37 na nusu kwa wiki, wiki 52, hupati hata pauni 22,400. Yaani mtu anayefagia hospitali, akilipwa mshahara ambao serikali yenyewe imeuita halali, akifanya kazi mwaka mzima bila kukosa, hana ruhusa ya kuishi na mkewe. Unachopata wewe hapa Likoni, hata ukiwa na duka kubwa, hakihesabiwi. Anaweza kutumia akiba badala ya mshahara, lakini kama hana mshahara wowote akiba hiyo yatakiwa iwe pauni 88,500. Juu yake weka ada ya ombi, iliyopita pauni 1,900, na malipo ya afya pauni 1,035 kwa kila mwaka wa viza. Tume ya Carpenter ingelielewa jambo hili haraka sana.

Na kwa wale wa kazi za kuhudumia wazee, waliotangaziwa sana hapa kwetu: tangu tarehe 11 Machi 2024 mhudumu anayeingia kwa viza hiyo haruhusiwi kabisa kuja na mume, mke wala mtoto. Julai 2025 wakafunga hata kuwaajiri wapya kutoka nje. Waliokwenda baada ya ile Machi na kuacha watoto na bibi zao wadogo Ujamaa na Timbwani, hawakukosea fomu. Sheria ndiyo iliyotaka waende peke yao.

Sasa kabla hatujawasema Wazungu tukashiba, tugeuke nyumbani.

Katiba yetu ya uhuru ilisema mwanamke mgeni aliyeolewa na Mkenya ana haki ya kuomba kuandikishwa uraia. Mwanaume mgeni aliyemuoa Mkenya? Hakuandikiwa kitu. Mtoto aliyezaliwa nje ya nchi alikuwa Mkenya kama babake ni Mkenya. Mama peke yake hakutosha. Mnaona? Ni hoja ile ile ya Uingereza ya 1980: mke humfuata mume, mume hamfuati mke.

Na pwani hii ya kusini si mahali pa kulisema hili kwa nadharia. Tangu watalii wa Kijerumani na Kiswisi walipoanza kuja kwa wingi Diani na Shelly Beach, ndoa zimefungwa. Kisa kilichojulikana zaidi duniani kilianzia kwenye feri yetu: Corinne Hofmann, Mswisi, alimwona kijana wa Kisamburu akivuka Likoni katika miaka ya 1980, akamfuata mpaka Barsaloi wakaoana, akaandika kitabu 1998 kikawa filamu 2005. Watu hukizungumza kama hadithi ya mapenzi. Mimi hukiona pia kama somo la sheria, kwa sababu Katiba ya wakati ule ilikuwa na mlango kwa mke mgeni kama yeye. Geuza kisa, awe ni msichana wa Mtongwe na mume Mswisi: mume huyo angeishi hapa kwa vibali miaka nenda miaka rudi, na mtoto wao akizaliwa Zurich si Mkenya. Na huyo msichana akichukua uraia wa mumewe, Ukenya wake umekwisha, maana uraia wa nchi mbili ulikatazwa.

Katiba ya 2010 ilivunja yote hayo kwa vifungu vichache. Mtoto hupata uraia kwa baba au kwa mama, azaliwe popote. Aliyeoa au kuolewa na Mkenya, awe mume au mke, anaweza kuomba uraia baada ya miaka 7 ya ndoa. Ndoa ikivunjika hupoteziwi uraia. Na mzaliwa wa hapa akichukua uraia mwingine habaki mgeni kwao. Katika majukwaa ya kura ile ya maoni watu walibishana sana kuhusu mahakama za kadhi, mashamba na mimba. Hivi vifungu vya uraia vilipita kimyakimya, na ndivyo vilivyogusa nyumba nyingi za hapa.

Majirani zetu hawajafika hapo. Sheria ya uraia ya Tanzania ya 1995 bado yampa njia mke wa Mtanzania, haimpi mume wa Mtanzania. Kwa watu wenye jamaa Tanga na Mombasa, wanaopita Lunga Lunga kwenda harusini, hilo si jambo la mbali.

Tuje kwenye makaratasi. Hapa ndipo historia yamkamata mtu mmoja mmoja.

Afisa wa viza ataka vitu viwili kwanza: cheti cha kuzaliwa na cheti cha ndoa. Cheti cha kuzaliwa: mkoloni aliwaandikisha Wazungu na Wahindi kwanza. Kwa Waafrika usajili wa lazima ulipelekwa wilaya baada ya wilaya na haukufika nchi nzima mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1970. Hata baada ya hapo, mtoto aliyezaliwa nyumbani kwa mkunga huenda aliandikishwa akiwa ataka kufanya mtihani wa shule, miaka kumi na kitu baadaye. Kwetu hiyo ni kawaida. Kwa afisa, cheti kilichotolewa miaka 14 baada ya kuzaliwa ni cheti cha kushukiwa. Ubalozi wa Ujerumani kwa mfano haupigi muhuri tu vyeti vya Kenya, hufanya uchunguzi. Mtu anaweza kuja mpaka kwenu kuulizia ulizaliwa wapi na kama uliwahi kuoa, na jirani asiyekupenda siku hiyo ndiyo yake.

Cheti cha ndoa nacho kina mambo. Ndoa za Kiislamu pwani zilikuwa na sheria ya kuandikishwa tangu 1906, na kadhi alikuwepo kabla ya hapo, enzi za Sultani. Ndoa ya kimila ya Mdigo au Mduruma asiyekwenda kwa kadhi haikuwa na cheti cha serikali. Sheria ya Ndoa ya 2014 ilisema ndoa zote ziandikishwe, lakini usajili wa zile za kimila ulianza Agosti 2017. Watu waliooana 1990 kwa mahari kamili, pombe ya mnazi na wazee wa pande mbili, kwenye fomu ya ubalozi walikuwa wachumba tu.

Na kuna ndoa ya wakili. Bwana arusi yuko Amerika, nikaha yasomwa Likoni, wakili wake ameshika mkono wa walii. Kisheria ya dini imetimia, biriani imeliwa. Wamarekani hawaihesabu kuwa ndoa mpaka mume na mke wakutane baadaye na kukaa kama mke na mume. Sharti hilo asili yake si sisi. Mwaka 1924 Marekani ilikuwa yataka kuwazuia wanawake wa Kijapani walioolewa kwa kubadilishana picha na wanaume walioko kule, ikaandika sheria kwamba ndoa ya picha au ya uwakilishi haihesabiwi. Karne moja baadaye sheria iliyolengwa kwa Mjapani yamkuta binti wa Bofu. Uingereza nayo yataka mliwahi kuonana ana kwa ana, na tangu 1988 imezuia mke wa pili kuingia kama mke ikiwa wa kwanza alishaingia au kuruhusiwa. Wanaume wa mitala, hilo mlijue mapema.

Halafu siku hizi waulizwa ushahidi wa mapenzi. Zamani zilikuwa barua, sasa ni skrinishoti za WhatsApp, risiti za kutumiana pesa, picha za pamoja. Watu wetu waliolelewa kwamba maneno ya mke na mume hayatoki chumbani, wayachape karatasini wampelekee mtu asiyewajua.

Ujerumani nataka niiguse kwa sababu ya zile kelele za 2024. Septemba mwaka ule Kenya na Ujerumani zilitia saini mkataba wa uhamaji huko Berlin. Humu mitandaoni ikaenea idadi ya kazi 250,000, wengine wakaikariri majukwaani. Wizara ya mambo ya ndani ya Ujerumani ikatoka hadharani ikasema mkataba hauna idadi yoyote. Tukacheka wiki moja tukasahau. Lakini hakuna aliyeuliza kuhusu wenza, na sheria ya Ujerumani ina majibu ya kushangaza. Tangu Agosti 2007 mke au mume wa raia wa Kijerumani lazima apite mtihani wa Kijerumani cha kuanzia kabla ya kupewa viza. Kwa mtu wa Likoni maana yake ni ada ya masomo, safari za Nairobi, na miezi ya kungoja. Ila mwenzako akiwa Mfaransa au Mtaliano anayefanya kazi Ujerumani, sheria za Umoja wa Ulaya zamlinda, nawe huulizwi neno hata moja la Kijerumani. Mjerumani nchini mwake ana haki ndogo ya kumleta mkewe kuliko Mtaliano mgeni. Na wenza wa wageni wenye ujuzi wa juu, wahandisi na kadhalika, wamesamehewa mtihani, kwa sababu nchi yawahitaji hao na haitaki masharti yawafukuze. Kwa hiyo mjadala wa "kazi ngapi" haufai kitu bila kuuliza kazi gani, chini ya kibali gani, maana kibali ndicho kitakachoamua kama familia yaenda au yabaki.

Nimalizie na Ghuba, ambako ndiko wengi wa hapa wanakokwenda, na ambako maelezo ni mafupi kwa sababu mlango ni mdogo. Msichana anayekwenda Saudia au Omani kufanya kazi za nyumbani huingia chini ya mdhamini. Hana njia ya kumleta mume wala mtoto, atalala kwenye nyumba ya mwajiri. Meneja au daktari kwenye mji ule ule ana viza ya familia, mradi mshahara wake umefika kiwango.

Kwa waliooana na Waomani kuna badiliko moja ambalo halikusikika sana huku. Pwani yetu na Omani zimeoana kwa karne nyingi, na baada ya 1970 jamaa wengi wa Zanzibar na Mombasa walihamia Maskati. Lakini tangu 1993 Muomani aliyetaka kuoa au kuolewa na mgeni alihitaji ruhusa ya serikali, na wako waliooa huku wakaficha kule, mke akabaki Mombasa miaka na cheti cha kadhi kisichomfikisha popote. Aprili 2023 sharti hilo la ruhusa liliondolewa kwa amri ya kifalme.

Mwaka 2024 Wakenya walioko nje walituma nyumbani karibu dola bilioni 4.95. Takwimu hiyo Benki Kuu huitoa kila mwezi, na kila mheshimiwa wa pande zote huijua kwa kichwa. Ni wangapi kati yao wanaishi na wake au waume zao huko waliko, hakuna mheshimiwa niliyemsikia akitaja. Mkikutana na mgombea wenu pale feri, muulizeni hilo kabla ya kumuuliza idadi ya kazi.